Maneno ya Watu Wawili: Nilivyojifunza Kihispania cha Ndoa Nikiwa Zaragoza

Dada mmoja wa Kisauni alinipigia simu juzi. Ameolewa na Mhispania, anangoja viza, na ameanza kujifunza lugha kwa programu ya simu. Amefika kwenye matunda na rangi. Nilimwambia aweke matunda kando kwanza. Ndizi ataionyesha kwa kidole na muuza duka atampa. Tofauti ya “cónyuge” (mwenzi wa ndoa) na “pareja” (mwenza) haionyeshwi kwa kidole, na hiyo ndiyo atakayoulizwa mapema, akiwa amesimama mbele ya karani asiyemjua. Tulizungumza mpaka simu yake ikaisha chaji. Nikaona bora niyaandike, maana wanaopita njia hii ni wengi.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Mume wangu ni mtu wa Aragón, kaskazini mashariki mwa Uhispania, na tunaishi Zaragoza, mji wa Mto Ebro na wa ule upepo mkavu wanaouita cierzo. Kwa Kiswahili, neno mume hutosha mahakamani, jikoni na barabarani. Kihispania kina neno la ofisini, neno la nyumbani na neno la kuongelea na wageni. Ukilichukua la mahali pamoja ukalipeleka pengine, ama hutaeleweka ama karatasi yako itarudishwa. Hakuna kozi iliyonieleza hivyo mwanzoni. Zote zilinipa orodha: mume hivi, mke hivi, mchumba hivi, haya tuendelee na vyombo vya jikoni.

Gharama zilianzia nyumbani Kenya. Tulifunga ndoa kwa msajili, na cheti chetu kiliandikwa kwa Kiingereza. Kwenye safu ya hali ya kila mmoja kabla ya ndoa, mume wangu aliandikwa bachelor, mimi spinster, yaani hatujawahi kufunga ndoa. Ili ndoa itambulike Uhispania, cheti kilitakiwa kifasiriwe. Mume wangu alikuwa amesharudi kazini kwao, kwa hiyo kazi ilibaki kwangu, na nikapata mtu aliyesema anafasiri kwa bei nafuu. Kwenye karatasi yake mume wangu akawa “bachiller”, yaani mtu aliyemaliza sekondari ya juu. Mimi nikawa “solterona”, neno la kumdharau mwanamke anayeonekana amezeeka bila kupata mume. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mepesi: “soltero” kwa mwanamume, “soltera” kwa mwanamke.

Karani jijini Nairobi alisoma, akaninyanyulia macho, akanirudishia. Fasiri ile isingepokelewa hata kama ingekuwa sahihi, kwa sababu wanataka ya “traductor jurado”, mfasiri aliyeapishwa, ambaye jina lake limo kwenye orodha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uhispania. Nikalipa tena, na nauli ya Mombasa hadi Nairobi nikalipa tena. Kilichoniuma zaidi ya pesa ni kujua kwamba nilikuwa nimeibeba karatasi inayonitukana, nikaikabidhi kwa mikono miwili. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, jifunze maneno yote ya kisanduku cha “estado civil”, hali ya ndoa: soltero (asiye na ndoa), casado (aliye na ndoa), separado (aliyetengana na mwenzake), divorciado (aliyeachana kwa talaka), viudo (aliyefiwa na mwenzake), na ya kike yake yanayoishia na a. Ni machache. Ukiyajua hayo, hata kama hujui kuomba maji, utaweza kukagua karatasi zako mwenyewe.

Baada ya cheti kuna mahojiano. Huitwa “audiencia reservada”. Mume anahojiwa peke yake na mke peke yake, kisha majibu yanalinganishwa. Serikali ya Uhispania ilitoa maelekezo juu yake tarehe 31 Januari 2006, kwa ajili ya kuzitambua ndoa za kujifanya, zile za kutafuta karatasi tu. Maswali ni ya maisha: mlikutana wapi, nani alikuwepo arusini, wakwe zako wanaitwaje, mwenzako anafanya kazi gani. Unaweza kuomba mkalimani, nami nakusihi uombe ukiwa na shaka hata kidogo.

Mtego wa mahojiano hayo uko kwenye neno dogo sana, “su”. Sisi tuna mumeo na mumewe, hazichanganyiki. Kihispania cha heshima kinatumia “su marido” kwa zote mbili. Karani akiuliza “¿Cuándo conoció a su marido?” anaweza kuwa anakuuliza wewe ulikutana lini na mumeo, au fulani alikutana lini na mumewe. Mama mmoja niliyesoma naye baadaye aliniambia alikaa kimya kwenye swali hilo kwa sababu alidhani anaulizwa juu ya dadake aliyetajwa sentensi moja nyuma. Kimya kama hicho mhojaji anaweza kukisoma vibaya. Usione haya kuuliza: “¿Mi marido?” Atasema ndiyo, na mtaendelea.

Nilipofika Zaragoza nilidhani karatasi zimekwisha. Tulimwendea mtu wa kutusaidia kujaza fomu za ukaazi, na kwenye hali yangu ya ndoa akaandika “pareja de hecho”. Hao ni watu wawili wanaoishi pamoja na kutambuliwa na mamlaka bila kufunga ndoa. Aragón ilitunga sheria yake kuhusu watu hao mwaka 1999, na kwenye sheria hiyo waliitwa “parejas estables no casadas”, wenza wa kudumu wasiofunga ndoa. Ni hali ya heshima na wengi wanaichagua. Ila yetu haikuwa hiyo. Niliiona kabla ya kutia sahihi kwa sababu maneno ya kile kisanduku nilikuwa nimeyakariri kama jina langu. Mume wangu alikuwa amesharuka mstari huo.

Kosa lile lingetugharimu miaka. Kwa kifungu cha 22 cha Código Civil, sheria ya kiraia ya Uhispania, mgeni kwa kawaida anatakiwa akae Uhispania kisheria miaka 10 kabla ya kuomba uraia. Aliyefunga ndoa na Mhispania na bado wako pamoja anaomba baada ya mwaka 1. Mwenza wa “pareja de hecho” hapewi nafuu hiyo ya mwaka mmoja. Ndiyo maana nasema yule dada aache matunda.

Ofisini, basi, jina lako ni “cónyuge”. Halibadiliki kwa mwanamume wala mwanamke, na utaliona kwenye fomu kila mahali. Nyumbani halisemwi kamwe.

Nyumbani nilikutana na jingine. Mara ya kwanza mume wangu aliponitambulisha kwa marafiki zake alisema, “Esta es mi mujer.” Nilikuwa najua “mujer” ni mwanamke. Kwetu pwani, mume akisimama mbele za watu akasema “huyu mwanamke wangu”, amekushusha, na wanaosikia watajiuliza kama wewe ni mkewe au ni hawara. Nilikaa mezani nikala, nikacheka walipocheka. Tulipofika nyumbani nililia, naye akashangaa, kwa sababu alikuwa ametumia neno lile lile ambalo babake humwita mamake miaka yote. Uhispania, “mi mujer” ndiyo mke wangu ya kila siku, yenye mapenzi na heshima zake zote, na mwenzake ni “mi marido”. Mwanamke hasemi “mi hombre” ili kulingana naye. “Esposo” na “esposa” nilizofundishwa na programu ya simu ni sahihi, ila hapa zina harufu ya risala na mialiko ya arusi. Isitoshe, “esposas” kwa wingi ni pingu pia, kwa hiyo kwenye habari za polisi usishtuke.

Ushauri wangu ni mmoja: kabla hamjatoka kwenda kwa watu, muulize mwenzako atakutambulisha kwa neno gani, na wewe mweleze kwenu linasikikaje. Mazungumzo ya dakika chache yangeniokoa usiku mzima.

Kisha kulikuwa na mavyaa. Mamake mume wangu ni “suegra” yangu, na mimi ni “nuera” yake. Hayo niliyajua. Sikujua kwamba hakuna anayemwita mkwewe “suegra” usoni, na kwamba wakwe wengi hapa huitwa kwa jina lao tupu, na kwa “tú”, wewe ya kawaida, badala ya “usted”, wewe ya heshima. Mimi nimelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo. Jina la mama mkwe halipandi kinywani. Nilijaribu kumwita “mamá”, akatabasamu lakini nikaona bega lake limekaza, maana hapa mtu ana mama mmoja. Kwa miezi nilimsemesha bila kumwita chochote: nilisubiri aniangalie ndipo niseme. Alifikiri simpendi.

Siku moja jikoni nilimweleza, kwa Kihispania changu cha kuungaunga, kwamba kwetu kumtaja mkwe kwa jina ni utovu wa adabu. Alikaa kitini. Akasema kwamba kwao kutoitwa kwa jina ndiko kunakomfanya ajione mgeni katika nyumba yake. Tukapatana: namwita kwa jina na kuanza na “doña” ya heshima palipo na wageni, kwa jina tu tukiwa wawili. Ulimi ulinikatalia wiki kadhaa. Sasa umezoea, na nafsi yangu nayo imezoea.

Wifi na shemeji hawapo kwa Kihispania. Wote ni “cuñada” na “cuñado”, awe ndugu wa mumeo au mke wa kakako. Hapo tumepoteza utajiri wetu, sina namna ya kulisema kwa upole. Ila wanacho kimoja kizuri ambacho nimekipenda: “consuegros”, jina ambalo wazazi wa bwana harusi na wazazi wa bibi harusi huitana wao kwa wao. Mamangu na mavyaa ni “consuegras”. Uhusiano wao una jina hata kama hawajawahi kuonana.

Arusi ya binamu wa mume wangu ilinipa “novio”. Nilijua ni mpenzi au mchumba. Basi watu wamekwisha apa, wametoka nje, na umati unapiga kelele “¡Vivan los novios!” huku wakirusha mchele. Siku ya arusi bwana na bibi harusi bado ni “los novios”, na fungate lao huitwa “viaje de novios” au “luna de miel”. Ukitaka kusema wameshavishana pete ya uchumba, neno lisilo na utata ni “prometidos”.

Na kitenzi chenyewe: sisi mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kihispania kina kimoja, “casarse con”, na wote wawili hukitumia sawa. Wengi wetu tunafasiri kuolewa moja kwa moja na kusema “me casó mi marido”. Mhispania atasikia kwamba mumeo ndiye aliyefungisha ndoa yako, kama padri au hakimu. Sema “me casé con él”, au “estoy casada con él”. Daima “con”.

“Pareja” ndilo neno pana kuliko yote, na ndilo nililolichelewa kwa sababu linavaa nguo nyingi. Ni mwenza wako, bila kutaja ndoa wala jinsia, na ndiyo maana daktari, mwalimu wa mtoto na mwenye nyumba hulitumia wasijiingize mambo yako. Ni la kike kisarufi hata kama unamsema mwanamume: “mi pareja”, “una pareja”. Ni watu wawili pamoja pia: “una pareja” wanaopita barabarani. Polisi wa Guardia Civil, kwa desturi yao ya kutembea wawili wawili, wazee wa vijijini huwaita “la pareja”, na kila mtu anaelewa. Ukifua nguo, soksi iliyobaki peke yake unaitafutia “pareja” yake. Na nilipojifungua binti baada ya mvulana, majirani wote waliniambia “¡Ya tienes la parejita!”, maana yake nimepata mmoja na mmoja.

Jozi ya vitu ni “par”: “un par de zapatos”. Lakini fundi akikwambia “un par de días” usiende kesho kutwa ukagomba. Inaweza kuwa siku mbili, inaweza kuwa tatu au nne. Nambari shufwa ni “pares”, na upande mmoja wa barabara huwa na nyumba za namba hizo, jambo linalosaidia ukitafuta anwani.

Kazini, kwenye kutunza wazee, wenzangu wengi walitoka Nicaragua na Ecuador. Wao husema “mi esposo” bila urasmi wowote, na yule wa Ecuador alipozungumzia “mi enamorado” alikuwa anamtaja mpenzi wake wa kawaida. Kwa hiyo sikiliza anayeongea ametoka wapi kabla hujamsahihisha kichwani. Mwenzako wa kazi ni “compañera”, mshirika wa biashara ni “socio”. Usimwite mshirika wako wa biashara “pareja”, utazua maneno.

Na “amante” iache kabisa. Kule Teruel, mji mwingine wa Aragón, kuna hadithi ya mapenzi ya Isabel de Segura na Diego de Marcilla, wanaoitwa Los Amantes, yaani Wapenzi. Kaburi lao lina sanamu zilizochongwa na Juan de Ávalos, zimelala ubavu kwa ubavu, mikono imenyoosheana bila kugusana. Nilipotoka kulitembelea nilitaka kumsifu mume wangu kwa neno hilo hilo. Alinizuia kwa upendo: leo “mi amante” ni mtu wa siri, wa nje ya ndoa. Yeye mwenyewe huniita “maña”, neno la Kiaragón la kumpenda mtu, na hilo halimo kwenye programu yoyote niliyopitia.

Lakini neno lililonifungulia nyumba lilitoka kwa bavyaa. Ni mzee asiyeongea sana. Kila mchana wa kiangazi kijijini kwao, baada ya chakula, wanaume na baadhi ya wanawake hukaa baa kucheza guiñote, karata za Aragón. Wanacheza wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako hukaa mkabala nawe. Karata ni 40. Ukishika mfalme na sota (karata ya kijana mtumishi) wa rangi moja, unatangaza pointi 20. Wakiwa wa ile rangi inayotawala, unatangaza 40, na huko ndiko “cantar las cuarenta”. Watu husema hivyo pia wanapomaanisha kumwambia mtu ukweli wake waziwazi. Mwenzake wa miaka mingi aliugua, mezani pakabaki nafasi. Mzee aliangaza chumba kizima, akaninyooshea mkono: “Compañera, siéntate.” Mwenzangu, kaa.

Nilikuwa nimewatazama msimu mzima nikihesabu kimoyomoyo. Tulipoteza, tukapoteza tena, kisha tukashinda. Pale mezani kila mtu aliniita mwenzake fulani, si mke wa fulani, na nililazimika kuongea haraka, kuuliza, kubisha. Kihispania changu kilipiga hatua kiangazi kile kuliko darasani. Ukipata mchezo, kwaya, kikundi cha ngoma ya jota, chochote kinachochezwa wawili wawili, ingia. Mwenzako wa mchezo hawezi kukuacha ukae kimya, kwa sababu anakuhitaji.

Kuhusu masomo: vituo vya umma vya elimu ya watu wazima hufundisha wageni Kihispania bila malipo, na hapo ndipo nilipoanzia. Escuela Oficial de Idiomas, shule ya lugha ya serikali, ni nzuri na ada yake si kubwa, ila usajili una kipindi chake, ukikikosa unangoja. Niligawa ukuta wa jikoni sehemu tatu: ofisi, nyumba, njia. Kila neno la watu wawili nililiandika chini ya mahali niliposikia likisemwa, ndani ya sentensi nzima na jina la aliyelisema. Hilo lilinisaidia kuliko orodha zote.

Kwa uraia kuna mitihani miwili. DELE A2 ni ya lugha, na sehemu yake ya kuongea ina maelezo ya picha na mazungumzo, ambapo familia ni mada ya kuitarajia. CCSE ni ya katiba na jamii: maswali 25, unatakiwa upate 15. Nilizipita zote mbili.

Mamangu anakuja Oktoba, kwa sikukuu ya Pilar, ile kubwa ya mji wetu. Mavyaa ameshaniuliza amwite mamangu nani, kwa kuwa amesikia kwetu majina hayatajwi ovyo. Nimemwambia amwite dada. Mamangu naye anajifunza kusema “consuegra” kwa simu kila Jumapili, na herufi ya r bado inamsumbua kidogo.